Mgao wa Jumamosi

Worlanyo alikaa mochwari wiki saba kabla ya kuzikwa, na katika wiki hizo mkewe Dzigbordi alikuwa na kazi mbili: kuandaa mazishi na kuchagua mtambo. Mazishi yalikuwa na wenyewe. Ukoo ulikutana ukagawana mambo, huyu viti na mahema, yule jeneza, mwingine kwaya. Mtambo haukuwa na mwenyewe ila yeye.

Kampuni yao ya mtandao ilikuwa ndogo. Mnara mmoja ulisimama kilimani nyuma ya kanisa, wa pili Torkor karibu na soko la samaki, na juu ya mapaa ya mji wa Kpando kulikuwa na antena mia mbili na kitu. Kampuni ilikuwa na jina lake kwenye kibao, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walisema Worlanyo. Mtandao ukiwa na kasi, Worlanyo yuko vizuri leo. Ukipotea, Worlanyo amekatika. Alipokufa kweli, ghafla, asubuhi, akifunga kamba za viatu, wateja waliendelea kuja dirishani kwa mazoea. "Mama Elikem, tangu jana Worlanyo ame..." wanaanza, kisha wanajiziba mdomo kwa kiganja. Dzigbordi alizoea kuwamalizia. "Mtandao umekatika," alisema. "Tunashughulikia."

Na ulikuwa ukikatika kila siku. Siku ya tisa ya msiba radi ilipita kwenye nyaya za umeme, ikaiunguza kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza ya marehemu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikigawa mtandao. Mtandao wote wa Kpando ulifika kwa bomba moja kutoka Accra, na bomba likikosa mgawaji, mwenye pupa hunywa na mnyonge hubaki na kiu. Kijana mmoja akishusha filamu, mkunga wa upande wa pili wa mji hasikiki kwenye simu. Kwa miaka kumi na moja Worlanyo aliandika mgao wa kila nyumba ndani ya kompyuta ile, na hakuuandika mahali pengine popote.

Dzigbordi angeweza kungoja mpaka baada ya maziko. Wateja wangenung'unika, lakini wangesubiri. Watu wa Kpando wanajua kumsubiri mfiwa. Ila kulikuwa na Elikem.

Elikem, mtoto wao wa pekee, alikuwa Bremen, akiwaosha na kuwalisha wazee wa Kijerumani katika makazi yao. Karatasi zake za kuishi kule zilikuwa bado mezani kwa afisa, na akitoka kabla hazijapigwa muhuri asingeruhusiwa kurudi. Alilia siku tatu, akataka kuja hivyo hivyo, liwalo na liwe. Mama yake ndiye aliyemkataza.

"Baba yako alikupeleka huko kwa jasho lake," alimwambia kwenye simu. "Baki. Utamwona akizikwa. Nakuahidi, Eli. Utaona kila kitu, mpaka udongo wa mwisho."

Aliahidi kabla hajajua atatimiza vipi.

Bwana Otoo, muuzaji wa mitambo, alikuja kutoka Accra siku ya Jumanne, wiki moja na nusu kabla ya maziko. Alikaa kwanza, akanywa maji, akasalimia, akatoa pole yake na chupa ya rambirambi kama inavyopasa. Dzigbordi alimpokea ofisini, kwa kuwa ofisi ilikuwa ndani ya ua wa nyumba na mjane hakuvunja mwiko kukaa pale na kitambaa chake cheusi. Alikuwepo pia Agbeko, fundi wa minara, rafiki wa marehemu tangu shule, mtu mfupi mwenye viganja vilivyochubuliwa na nyaya.

Otoo akaweka mtambo wake mezani. Ulikuwa mweusi, bapa, na taa sita mbele.

"Mama, mtambo huu una akili kuliko wakwe zangu wote," alisema. "Huna haja ya kuuambia kitu. Unaangalia wenyewe kinachopita. Hii sauti ya simu, pita haraka. Hii barua, ngoja kidogo. Hii filamu, nenda nyuma ya foleni."

"Na wakwe zako wanajua unavyowasema?" Agbeko akauliza.

"Unadhani kwa nini nimehamia Accra, Efo, kaka yangu?"

Dzigbordi akatabasamu, kisha akaona haya kwa kutabasamu. "Na nyumba ikizidisha?"

"Hapo ndipo penyewe! Nyumba ikinywa sana kwa muda mrefu, mtambo unairudisha nyuma taratibu mpaka wenzake washibe. Haki tupu. Hauangalii chifu, hauangalii mchungaji."

"Unataka mtu wa kuusimamia?"

"Wa nini? Unawasha, unafunga mlango, unaenda zako."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa Dzigbordi. Unafunga mlango, unaenda zako.

Otoo alipotoka kwenda kula, Agbeko akatoa mfukoni kisanduku cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. "Hiki hakina akili hata chembe," alisema. "Ukikiambia nyumba hii ipe kiasi hiki, kinatoa. Usipokiambia, kinakukodolea macho tu. Lakini kitafanya unachotaka wewe. Si anachotaka mtu wa Accra."

"Na nani atakiambia? Mgao umeungua wote."

"Tutauliza watu. Tutaandika upya, pole pole. Ile kompyuta haikuwa na akili pia, Mama Elikem. Mwenye akili alikuwa amekaa kwenye kiti." Akasita. "Hasa Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Unajua Jumamosi alikuwa wapi?"

"Si hapa hapa, mji mzima ukiwa mazishini! Nani hajui? Mume wangu hakuwa mtu wa misiba, Efo. Nusu ya mji huu nimeizika peke yangu. Watu wananiuliza, Dzigbordi, mumeo mgonjwa? Nachoka kudanganya."

Agbeko alikigeuza kile kisanduku mkononi, akakigeuza tena. "Kila Alhamisi alinipigia simu," alisema. "Agbeko, wiki hii nani anazika? Namwambia. Jumamosi mimi nasimamisha mlingoti wa mwanzi makaburini na antena juu yake, yeye anakaa hapo kwenye kiti. Nyumba yenye msiba anaipa bomba. Wengine anawapunguza kidogo kidogo, hata hawajui. Watu wakitoka kanisani kwenda kaburini, anahamisha bomba kuwafuata. Picha ya mazishi ikisita kwa ndugu walioko London, yeye ndiye wa kwanza kushtuka. Saa tano, saa sita, hajala. Wewe unadhani kwa nini hapa Kpando picha za mazishi hazigandi? Watu wanasema Mungu ni mwema. Ni mwema kweli, lakini alikuwa na msaidizi."

Nje wanawake walikuwa wakiosha masufuria ya matanga, wakicheka kwa sauti ya chini.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema, ukimwambia mtu kwamba msiba wake uliupendelea, kesho jirani yake atakuja kuuliza wa kwake ulikuwaje."

Kulikuwa na siku, miaka minne nyuma, Dzigbordi alirudi kutoka kumzika mama yake mkubwa, miguu imevimba, kitambaa kimejaa vumbi jekundu, akamkuta mumewe kwenye kiti kile kile alichomwacha asubuhi. Akamwambia, siku yako wewe, nani atakuzika, wewe usiyezika watu? Worlanyo alimtazama, macho mekundu kwa kutazama kioo cha kompyuta mchana kutwa. Akauliza kama kuna ugali wa akple uliobaki. Sasa aliikumbuka sauti yake mwenyewe, jinsi alivyolitamka lile "wewe".

Agbeko alingoja. Alidhani amekwisha kumshawishi.

"Efo," Dzigbordi akasema hatimaye, "kisanduku chako kinataka mtu akae hapa Jumamosi. Wewe ni mmoja wa wabeba jeneza. Mimi nina mume wa kuzika. Jumamosi hiyo sitaki kukaa mbele ya kompyuta. Nataka kukaa naye."

"Mtambo wa yule bwana haujui Kpando."

"Utaijua."

"Haya," Agbeko akasema, akakirudisha kisanduku mfukoni. "Wewe ndiye mama mwenye nyumba."

Siku iliyofuata Otoo aliufunga mtambo, akamfundisha Dzigbordi peke yake, maana Agbeko alisema yeye ni mtu wa kupanda minara, si mtu wa kubofya. Mtambo ulifunguka kwa kompyuta moja iliyobaki ofisini tu, kwa nenosiri la Dzigbordi tu. "Wezi wa mtandao ni wengi, Mama." Na kama siku moja ingelazimu kuiachia nyumba fulani bomba wazi, kulikuwa na kitufe, ila ruhusa yake ilidumu robo saa, kisha ikajifunga yenyewe, asije mtu akasahau. Dzigbordi aliitikia kwa kichwa. Yote yalikuwa na maana.

Jioni walijaribu. Elikem alitokea kwenye kioo akiwa na gauni lake jeusi alilolinunua kwa ajili ya siku yenyewe, akazunguka mama yake amwone.

"Unanionaje huko?" Dzigbordi akauliza.

"Nakuona mpaka vumbi la mezani. Ao, Mama! Baba angekubali vumbi hilo?"

Walizungumza dakika kumi. Picha haikusita hata mara moja. Dzigbordi alilala usingizi usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Jumamosi walimtoa Worlanyo alfajiri, wakamlaza uani chini ya hema, amevaa kente ya harusi yake. Agbeko alikuwa amesimamisha mlingoti makaburini tangu jana, mpiga picha akasimamisha kamera, vyote vikila mgao wa nyumba hii, na kule Bremen Elikem akaketi mbele ya kioo na marafiki wawili. Dzigbordi aliketi upande wa kichwa cha mumewe, na watu wakapita mstari mrefu, wengine wakimwita marehemu, wengine wakimtania, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani. "Worlanyo, umekatika, na safari hii hakuna wa kutushughulikia!" mwanamke mmoja wa Torkor akalia, na waliokuwa karibu wakacheka na machozi yakiwatoka. Dzigbordi alitazama kamera mara moja. Alitaka mtoto ajue kwamba mama yake anajua yupo.

Saa mbili ikapita hivyo, na saa tatu. Mchungaji akaomba, mkono juu, jeneza likafungwa, wakaenda kanisani. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri Agbeko alipokuja ameinama kati ya viti, suti yake nyeusi ikimbana mabegani.

"Mama Elikem," akamnong'oneza. "Mtoto haoni."

Akampa simu. Elikem alikuwa ameandika mara nyingi, na Dzigbordi akasoma kwa mpangilio wake. Picha inasita. Picha imeganda. Naona mkono wa mchungaji tu. Uncle Agbeko, naona mkono tu, umesimama hewani. Uncle? Walipofunga jeneza sikuona. Uncle, mmeshatoka kanisani?

Dzigbordi alielewa mara moja. Siku ya majaribio walizungumza dakika kumi. Leo nyumba yake ilikuwa imenywa bomba tangu alfajiri bila kupumzika, kuliko nyumba yoyote Kpando. Mtambo uliona nyumba yenye pupa. Ukairudisha nyuma taratibu, mpaka wenzake washibe, kama ulivyofundishwa. Na kadiri maziko yalivyosonga ndivyo ungezidi kuirudisha, na kaburini usingewaachia kitu.

"Mpigie Otoo," akasema.

"Nimempigia mara nne. Ni Jumamosi. Naye yuko msibani kwao, simu imezimwa."

"Wewe huwezi..."

"Nenosiri ni lako. Hata ukinipa, ule ukurasa siujui. Nikibonyeza vibaya nitazima mji mzima." Kisha akasema, macho yakiwa chini, "Nisamehe. Ningejifunza."

Dzigbordi alitazama jeneza. Lilikuwa hatua tano mbele yake, na juu yake shada ambalo Elikem aliagiza kwa simu. Akasimama.

Tasi Abla, shangazi wa marehemu, aliyemlinda mjane kwa wiki zote saba, akamshika mkono. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Tasi. Ofisini."

"Una wazimu? Mjane hamwachi mumewe njiani!"

"Mtoto wake haoni."

"Ataonyeshwa baadaye. Si wanarekodi?"

"Baadaye atakuwa ameshazikwa. Niliahidi atakuwepo."

"Dzigbordi." Bibi huyo hakumwachia mkono. "Baada ya mchungaji ni wewe. Udongo wa kwanza wa ukoo ni mkono wako. Nani atautupa?"

"Tupa wewe, Tasi. Useme ni wangu."

Alitoka kwa mlango wa ubavuni. Nje palikuwa na waendesha pikipiki wakisubiri msafara, na mmoja wao aliruka aliposikia mjane anamwita. Alipanda kwa upande, kitambaa cheusi amekikusanya mapajani, akapita katikati ya mji mchana kweupe, na Kpando nzima ikamwona mke wa Worlanyo akiukimbia msiba wa mumewe kwa pikipiki.

Ofisini alifungua ukurasa. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa ya orodha, imepigwa rangi nyekundu, na mbele yake neno: imezidisha. Akabonyeza kitufe. Robo saa. Mstari wa kijani uliokuwa umelala chini ukainuka.

Ujumbe ukaingia kutoka Bremen, kwenye simu ya Agbeko aliyosahau kumrudishia. Naona! Wanatoka kanisani. Nakuona, Uncle, uko mbele, upande wa kushoto.

Dzigbordi akanyanyuka kurudi. Alifika mlangoni akahesabu. Makaburi yalikuwa mwisho wa pili wa mji. Kabla hajafika robo saa ingekwisha, na mstari ungelala tena, pengine wakati ule ule wa kuteremsha jeneza. Alibaki ameshika kitasa. Kisha akarudi, akaketi.

Hakuifungua picha ya maziko kwenye kompyuta ile. Kila anayeangalia kutoka mjini angelinywea bomba lile lile, na lilibaki jembamba. Aliangalia mstari tu. Ulipanda na kushuka, na hakujua ni nini kilichokuwa kikipita ndani yake, kama ni wimbo au maombi au watu wanaosukumana. Robo saa ya kwanza ikaisha, akabonyeza. Akawapunguza wengine kidogo, nyumba moja moja, akiyajua majina yao, akijua wengi wao hawapo nyumbani kwa kuwa wako kaburini kwa mumewe. Nyumba ya mkunga hakuigusa. Akabonyeza tena. Kwa mbali, upepo ulipogeuka, zilimfikia ngoma za borborbor, kisha zikanyamaza. Alijua ngoma zinanyamaza lini: udongo unapoanza kutupwa.

Aliinua mkono wa kulia mbele yake, ameukunja kama aliyeshika kitu, akaufungua juu ya sakafu. Kisha akaurudisha kwenye kitufe, muda ulikuwa umekaribia kwisha.

Waliporudi, Tasi Abla hakumsemesha. Wanawake wawili walimwekea chakula mbele wakaondoka bila kuketi. Agbeko peke yake ndiye aliyeingia ofisini, udongo mwekundu kwenye viatu, akasimama ukutani. Kisha akaipangusa meza kwa kiganja.

Jumapili, baada ya ibada ya shukrani, Elikem alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama, niliona kila kitu. Mpaka udongo wa mwisho."

"Ahsante Mungu."

"Lakini kaburini nilikutafuta. Niliwaambia wenzangu, mtamwona mama, yeye ndiye atakayetupa udongo. Akatokea Bibi Abla. Ulizidiwa? Walikushikilia nyumbani?"

Dzigbordi alitazama taa sita za mtambo. Kama angemwambia, mtoto angeubeba mzigo ule maisha yake yote, peke yake, katika nchi ya baridi. Na kama asingemwambia, angebaki akijua tu kwamba mama yake hakuwepo.

"Nilikuwa ofisini," alisema. "Picha ilikuwa inakatika. Mtu ilibidi akae."

Upande wa pili ilisikika pumzi, kisha kilio cha chini, cha mtu aliyejiziba mdomo.

"Usilie, Eli. Sikiliza. Mimi sikuona. Sijui hata walimweka vipi." Alivuta kiti karibu na dirisha ambako simu ilishika vizuri zaidi, akaketi, akakusanya kitambaa chake. "Nisimulie. Anzia pale walipotoka kanisani. Nani alikuwa mbele?"

"Uncle Agbeko," Elikem akasema. "Upande wa kushoto. Suti ilikuwa inambana."

"Enhe," akasema mama yake. "Halafu?"